Kwa Nini Chungu Hubakiza Ukoko

Hapo kale, kabla chungu hakijajua kushika, ugali ulitoka wote. Mpishi alipopakua, chungu kilibaki kitupu, na yeye mwenyewe hakuwekewa fungu. Watu wa enzi hizo waliamini kwamba anayepika hushiba mvuke. Miaka ya neema hilo halikuwa shida, kwani mpishi alijiponya kwa karanga na maboga ya shambani.

Katika kaya moja yenye ghala la mtama aliishi Kalunde, mama mwenye huruma, pamoja na mkwe wake Nyamizi, aliyekuwa akinyonyesha mtoto wake wa kwanza. Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Shamba likawa vumbi, na watu wenye njaa wakapita njiani wakiwa wamebeba watoto na mikeka. Kalunde hakumfukuza hata mmoja.

"Karibuni, kaeni," aliwaambia, kisha akamgeukia mkwe wake. "Mwanangu, ongeza maji."

Nyamizi aliongeza maji, akasonga, akagawa. Hakuchukia kugawa. Alipenda kuona mtoto wa mgeni akinyamaza tonge linapoingia kinywani. Lakini wa kwake hakunyamaza, maana maziwa yalikuwa yameanza kukauka.

Siku moja alijikaza akasema, "Mama, leo na mimi naomba kidogo."

Wanawake waliokuwa uani wakaangua kicheko. "Mpishi anaomba chakula! Mvuke wote ule kamwachia nani?"

"Mwacheni, mwenzetu ameshiba tangu maji yanachemka!"

Kalunde naye akatabasamu, akaenda kumpokea mgeni mwingine. Nyamizi akainama juu ya chungu ili wasimwone, na machozi yake yakadondokea ndani.

Vyombo vya enzi hizo vilikuwa na masikio. Chungu kile kilimsikia mtoto akilia mgongoni, kikaona haya kwamba kila siku kinawashibisha wote isipokuwa yule anayekishika.

Kesho yake ugali ulipopakuliwa, utando mwembamba ulibaki umeng'ang'ania chini.

"Nyamizi! Unaficha chakula, na watu wanakufa?" Kalunde alimkaripia. Akaukwangua ule utando kwa mwiko, mwiko ukapasuka. Mzee mmoja msafiri akajaribu kwa kucha, wapi! Kalunde akakirudisha chungu kwenye makaa. "Basi na uungue," akasema, akatoka zake.

Watu walipokwisha kunawa na kuondoka, chungu kikaanza kulia taratibu. Utando ukaachia pembeni, ukajikunja, ukainuka mzima, mkavu, wenye umbo la chungu chenyewe. Nyamizi akaogopa. Hakuonja hata chembe. Akaupeleka kwa mama mkwe wake kwa mikono miwili.

"Mama, umetoka wenyewe."

Kalunde akautazama ule ukoko. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu njaa ianze, akamtazama aliyeushika. Akaiona mifupa ya shingo yake, na nguo iliyozungushwa mara mbili kiunoni ili isianguke.

"Umekula lini, mwanangu?"

Nyamizi akahesabu siku kwa vidole, vidole vikaisha.

Kalunde akaumega ukoko, akamlisha kwa mkono wake, akaketi chini kando yake mpaka akamaliza. Nje kulikuwa na watu wanaobisha hodi. Nao wangepewa chao, lakini kwanza wakangoja. Jioni ile mtoto alinyonya, akalala.

Na tangu siku hiyo chungu hakitoi chote mara moja. Hushika kidogo huko chini, na hukiachia polepole, wageni wakisha kula na moto ukipoa. Ukoko huo ni wa mpishi. Watoto hulizunguka jiko wakiuomba, naye huwamegea, kwa sababu mama ni mama. Ila kipande cha kwanza hutia kinywani mwake, na mtoto aliyelelewa vizuri hungoja mpaka amalize kutafuna.