Fungu la Wenyewe

Nyuki hauawi na baridi, huuawa na mzinga mtupu.

Mmeisikia leo mkutanoni, yule mama wa gulioni alipomrushia mheshimiwa aliyesema njaa yetu imeletwa na hali ya hewa. Mlicheka kwa kuwa wakubwa walicheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Vizuri. Imetoka hapahapa Lwangu. Mimi nilikuwepo, na sisahau, ingawa wapo ambao wangefurahi sana nikisahau.

Ilianza mwaka ule mnunuzi wa asali kutoka mjini alipotaka lori lake lijae. Mwenyekiti wa chama chetu cha wafuga nyuki alikuwa Odilo Luvanda, mtu wa kucheka kwa sauti na kuamuru kwa sauti hiyohiyo. Desturi yetu ilikuwa kurina upande wa nyuma wa mzinga na kuacha masega yaliyo karibu na tundu la kuingilia. Masega hayo tuliyaita fungu la wenyewe. Odilo akasema huo ni ushamba. "Nyuki ni kibarua," alituambia. "Mmeona wapi kibarua akaachiwa ghala?"

Basi mwezi wa tano, kabla ya kipupwe, tukarina mizinga yote mpaka kisu kikagusa ubao.

Nimesema yote? Si yote. Sigrada Nyagawa alikuwa amefiwa na mumewe. Kwetu, mzinga wa nyumba yenye msiba haufunguliwi mpaka matanga yaondolewe. Odilo alimpelekea mjumbe: "Mwambie marehemu hatakula asali." Sigrada akamrudisha mjumbe na jibu: "Mwambie siku akifa yeye, tutarina kabla hajapoa." Mizinga yake ikabaki imefungwa. Msimsifu kwa hilo bado. Alikuwa anatunza msiba wake tu, wala hakujua zaidi yetu.

Kipupwe kikaingia na sakitu, ule umande unaoganda majanini mpaka ukikanyaga unalia kama chumvi ya mawe. Nyuki wakaanza kuanguka. Nasi kwa huruma yetu tukafanya jambo la kipumbavu: tukawakokea moto chini ya mizinga ili wapate joto. Nyuki akisikia moshi hudhani msitu unaungua. Hukimbilia kujaza tumbo asali ili ahame. Hawa walikimbilia ghalani wakakuta ukuta. Kufikia mwezi wa nane, mzinga ukiugonga, unakujibu kama ngoma.

Odilo akaitisha mkutano msituni kwenyewe, kwenye kiwanja chetu cha kurinia. "Ndugu zangu," alisema, "tumshukuru Mungu kwa yote. Baridi imetushinda, nchi hii si ya nyuki tena. Kuna watu wa mbao wako tayari. Tuufyeke huu msitu, tupande misonobari, kila mtu apate chake."

Watu wakaguna kukubali. Mtu aliyeshindwa na Mungu haoni haya.

Lakini Sigrada alikuwa na la kupoteza zaidi kuliko sisi. Shamba la marehemu lilikwisha kuchukuliwa na shemeji zake. Mizinga aliyoitundika msituni ndiyo iliyombakia yeye na mwanawe Tadei. Msitu ukifyekwa, hana pa kutundika wala pa kusimama. Naye pia alikuwa ameamini ni baridi, mpaka asubuhi ile alipopita chini ya mizinga yake akasikia mvumo.

Akasimama. "Mwenyekiti, kabla hatujafyeka, tufungue."

"Tufungue nini, Mama Tadei? Tufukue maiti?"

"Ndiyo. Aliyekufa huulizwa kilichomuua. Tuanze na wako."

"Wangu kwa nini?"

"Kwa kuwa ndiwe uliyesema ni baridi."

Watu wakacheka, na mtu akichekwa hawezi kukataa. Mzinga wa Odilo ukateremshwa, ukafunguliwa mbele yetu. Nyuki walikuwa wamekufa wamechomeka vichwa ndani ya vitundu vya masega, mikia nje, safu kwa safu.

Sigrada akachukua sega, akalipitisha mkononi mwa kila mtu. "Anayekufa kwa baridi hujikunyata," alisema. "Hawa wameingiza vichwa sufuriani. Walikuwa wanalamba chungu."

Mzee mmoja alivua kofia.

"Na wako je?" Odilo akauliza. "Bila shaka uliuficha bondeni kwenye joto."

"Wangu uko juu ya kichwa chako, Mwenyekiti. Mti uleule, tawi linalofuata. Sakitu iliyoanguka kwako ilianguka na kwangu."

Matanga yalikuwa yameondolewa, akaufungua. Mvumo ulitoka humo tukarudi nyuma sote. Nyuki walikuwa wamejikusanya kama ngumi, wakitetema, na karibu na tundu la kuingilia asali ilikuwa bado imefunikwa. Ndipo tukaelewa, wengine tukiumwa na wengine tukilia: nyuki huota moto wa asali yake. Tulichukua kuni zao, kisha tukaisingizia hewa.

Msitu haukufyekwa siku ile, na haujafyekwa mpaka leo. Maua yalipochanua, makundi ya Sigrada yaligawanyika, yakahamia mizinga yetu mitupu moja baada ya jingine. Hakumtoza mtu. Sharti lake lilikuwa moja: fungu la wenyewe lisiguswe.

Watu wa mbao walirudi. Wakamwambia Odilo, "Mzee, tumesikia baridi imewamalizia nyuki."

Sikumpenda Odilo, na simpendi hata kaburini. Lakini haki yake nitampa, maana neno hili ni lake. Aliwatazama wale watu, akatazama mzinga wake uliokuwa umeanza kuvuma tena, akasema, "Aliyewaambia hivyo ni mimi, na nilidanganya. Nyuki hauawi na baridi, huuawa na mzinga mtupu."