Dobi wa Kiwanja cha Ndege

Ujira husemwa, usingizi huulizwa.

Maneno haya mmeyasikia leo kwa muuza kahawa, baada ya sala ya alasiri, pale Yasri alipokunjua barua yake ya kazi ya ulinzi ng'ambo na kutusomea kiasi cha mshahara mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Mzee wa kahawa hakumpongeza wala hakumvunja moyo. Alimtupia methali hiyo, akaendelea kusuuza vikombe vyake. Nanyi mkanigeukia mkataka kujua imetoka wapi. Haikutoka mbali, wanangu. Ilizaliwa nyumbani kwetu hapa Tanga, na inanipasa mimi kuisimulia, kwa kuwa kosa lililoizaa lilikuwa langu. Ilianza hivi.

Kaka yangu Sudi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mtoto mmoja wa kiume, jina lake Ghalib. Tangu utoto Ghalib alitaka kuwa rubani. Baba yake alipofariki tuliuza shamba la minazi aliloliacha, tukampeleka chuoni, akarudi na leseni yake. Tukasoma maulidi, tukamshukuru Mola. Kisha tukangoja. Alikaa miezi kumi na minne bila kazi, naye ana mke na mtoto mchanga.

Nanyi mjue kwamba elimu ya rubani ni kama kuhifadhi Kurani: isiporudiwa hupotea. Rubani asiporuka kwa muda uliowekwa, hurudishwa kwenye mtihani, na mtihani ule una gharama yake. Minazi haikuwapo tena ya kuuza. Muda wa Ghalib ulikuwa unakwisha mwezi wa Shaabani, na tulikuwa tumekwisha kuingia Rajabu. Asipopata kazi, shamba la marehemu baba yake lingekuwa limekwenda bure.

Basi katika juma moja zikaja barua mbili. Ya kwanza ilitoka shirika lililoitwa Zumaridi. Mshahara wake ulikuwa mnono, pamoja na posho ya nyumba, kwa sharti kwamba rubani asiondoke kabla ya miaka mitatu; akiondoka, arudishe gharama zote za kumfunza kurusha ndege zao. Walitaka jibu kabla ya Ijumaa. Ya pili ilitoka shirika dogo, Mbayuwayu, lenye ndege tatu tu. Mshahara wao ulikuwa nusu ya ule wa kwanza.

Ghalib aliniletea barua zote mbili, nami nikazisoma kama nilivyofunzwa kusoma kitabu, neno kwa neno, sharti kwa sharti. Nilitafuta hila katika ule mkataba wa Zumaridi, sikuiona. Lugha yake ilikuwa safi. Nikavua miwani, nikamwambia, "Mwanangu, hapa hamna shaka. Weka sahihi, umshukuru Mungu."

"Nami ndivyo nilivyoona, Ami," akasema, akaitafuta kalamu.

Dada yangu mkubwa, Bi. Mwanakhamis, alikuwa upande wa pili wa chumba akichambua mchele. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa na nusu ya mtaa huu kwenda kuulizia wachumba. Kijana akileta posa, kabla ya wazee kujibu, Bi. Mwanakhamis hutia ushungi akatoka, na akirudi huwa anajua mpaka jinsi kijana yule anavyozungumza na mama yake. Akaweka ungo chini.

"Kalamu yenu nyepesi kweli," akasema. "Huyu mtoto kaposwa na nyumba mbili, na ninyi mmesikia mahari tu mkaitikia. Nani kaulizia?"

Nikacheka. "Dada, hii ni kazi, si ndoa."

"Miaka mitatu haruhusiwi kutoka. Ndoa ipi hiyo yenye kifungo kuliko hiki?"

"Nimeusoma mkataba wote. Hauna kasoro."

"Na kila barua ya posa niliyopata kuiona ilikuwa haina kasoro. Mtu haandiki ubaya wake, ndugu yangu. Ubaya wa mtu anaujua jirani yake, na dobi wake." Akamgeukia Ghalib. "Wewe, hao marubani mashati yao meupe wanafua wapi?"

Ghalib akababaika. "Kuna dobi karibu na lango la kiwanja, Shangazi. Anaitwa Kombo."

"Basi kesho asubuhi unipeleke kwa Kombo."

Nilikwenda nao. Nakiri kwamba sikwenda kwa kutafuta ukweli. Nilikwenda ili nishuhudie dada yangu akirudi mikono mitupu.

Kombo alikuwa mtu mwembamba, mwenye pasi ya mkaa na maneno mengi. Kibanda chake kilijaa mafurushi ya nguo. Bi. Mwanakhamis alimpa salamu ndefu, akauliza hali ya watoto na ya wazee wake, kisha akasema kwamba ana kijana anayetafuta kazi, na angependa kujua wateja wake wa Mbayuwayu na wa Zumaridi ni watu wa namna gani.

"Wa Mbayuwayu?" Kombo akasema. "Wasumbufu hao, mama yangu! Wanakuja wenyewe, wanaketi, wanabishana mambo ya mpira, wanakagua kila kifungo. Mmoja huja na mwanawe, ananikanyagia nguo."

"Na wa Zumaridi?"

Kombo akaizungusha pasi yake hewani ili mkaa ushike. "Hao hawakagui kitu. Hutupa furushi wakaenda. Yupo mmoja, shati lake kila mara limemwagikiwa chai kifuani. Nikadhani ana maradhi ya mikono. Kumbe husinzia na kikombe mkononi."

Nikataka kusema kwamba mtu mmoja si hoja, lakini Kombo alikuwa amekwisha kuweka kidole mdomoni. Akatuonyesha nyuma ya kibanda. Juu ya mafurushi, mtu mzima mwenye mistari mitatu ya rubani mabegani alikuwa amelala, viatu miguuni, mdomo wazi.

"Ndiye huyo," akanong'ona. "Kaniomba nimwamshe baada ya robo saa. Ana safari ya Pemba."

Hatukumwamsha sisi. Robo saa ilipotimia Kombo alimgusa bega, mara tatu, ndipo akashtuka. Alipomwona mwanamke wa makamo ya mama yake alijitengeneza haraka, akaamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe kwa kukuuliza. Mara ya mwisho kulala kitandani ilikuwa lini?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Alifika kidole cha tatu, akarudi nyuma, akaanza tena. Sisi wote tukamtazama akihesabu, na Ghalib alikuwa ameacha hata kupepesa macho.

"Ratiba imeandikwa mapumziko," akasema hatimaye. "Lakini simu inapigwa, unaambiwa mwenzako hayupo, njoo. Ukikataa unaonyeshwa ile miaka mitatu."

"Na kabla ya kutia sahihi, hukuwauliza?"

Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeumia na hataki kulia mbele ya wazee. "Mama, mshahara walinitajia kabla sijaketi. Usingizi sikuuliza."

Akachukua shati lake, akatuaga kwa heshima, akaenda kuwarusha watu.

Tukarudi mpaka kwenye kona ya soko. Hapo Bi. Mwanakhamis alisimama. "Umesikia?" akamwambia Ghalib. "Ujira husemwa, usingizi huulizwa. Sasa nenda kaulize."

Ghalib alikwenda siku ile ile. Kwa Zumaridi aliuliza rubani hupumzika saa ngapi kati ya safari na safari, na ni nani mwenye neno la mwisho rubani anaposema amechoka. Meneja akamjibu kwamba waliochoka wapo wengi mitaani bila kazi, naye anaweza kuungana nao. Kwa Mbayuwayu, rubani mkuu alimfungulia daftari la safari, akamwachia alisome mwenyewe, kisha akamwambia, "Hapa rubani akisema kachoka, ndege inalala pamoja naye. Mshahara wetu mdogo, sikufichi. Nyongeza ni mwaka wa pili, Mungu akipenda."

Akatia sahihi kwa Mbayuwayu, siku tisa kabla ya Shaabani. Leseni yake ikasalimika. Nami, sikufichini, nilinuna. Moyoni nilikuwa nikiihesabu minazi ambayo mshahara ule mwingine ungeirudisha.

Haukupita mwaka Mungu akanifunza kwa mlango mwingine. Nilikata tiketi kwenda Unguja kwa harusi ya binti ya rafiki yangu, na kumbe rubani wa safari ile ni Ghalib. Nikaketi kiwanjani na abiria wengine kumi na mmoja, nikiwaambia kwa majivuno kwamba ni mwanangu. Muda wa kuondoka ukafika, ukapita. Kisha tukatangaziwa kwamba safari imeahirishwa hadi alasiri, rubani hawezi. Abiria wakalaani. Bwana mmoja mwenye mzigo wa zulia akaniambia, "Mzee, mwanao huyo mvivu!" Nami nikaona haya, nikainuka kumtafuta.

Nilimkuta kwenye chumba cha marubani.

"Ghalib, una nini? Watu wanakutukana huko nje."

"Mtoto alikuwa na homa, Ami. Sikufumba jicho mpaka alfajiri. Nimemwambia mkuu, naye amemwita mwenzangu. Niwie radhi kwa harusi."

"Na mkuu amesemaje?"

"Kasema nikalale."

Nikasimama pale na fimbo yangu. Nilikumbuka vile vidole vilivyokuwa vikihesabu, vikirudi nyuma, vikianza tena. Nikafikiri: leo ningekuwa nimeketi nyuma ya mtu kama yule, naye angekuwa mtoto wa kaka yangu, na kalamu iliyompeleka huko ingekuwa ya ushauri wangu. Nikamshika kichwa, nikamsomea dua, nikatoka.

Kwa yule bwana wa zulia nilisema, "Kweli, mwanangu amechoka. Alhamdulillahi kwamba amesema." Hakunielewa. Nilifika Unguja magharibi, wali umekwisha kuliwa, na sijapata kula makoko matamu kama yale niliyokwanguliwa siku ile.

Bi. Mwanakhamis ametangulia mbele ya haki. Kila nisomapo Fatiha humtia katika dua, kwa kuwa mimi niliusoma mkataba, yeye akamsoma mtu.

Sasa, Yasri, sikukatazi kwenda. Naona barua umeikunja, na unataka kuniuliza mashati ya walinzi wa huko hufuliwa na nani. Hilo ndilo swali. Wapo vijana wa mtaa huu waliokutangulia. Watafute, uwasikilize wanavyohesabu siku zao. Mshahara umekwisha kutusomea, tena mara mbili.

Ujira husemwa, mwanangu. Usingizi huulizwa.