Unga Mwekundu Kinuni mwa Zefania

“Kichache huanza na kichache mwenziwe.” Methali hiyo mmeisikia leo kwa mama yenu, nanyi mwataka kujua ilikotoka. Ilitoka katika zahanati ya misheni, milimani Upare. Ketini vizuri.

Kila mtu pale aliijua kanuni: dawa iliyoharibika humwagwa shimoni kwa mkono ulioiharibu, mbele ya wagonjwa, na sababu hutamkwa.

Zefania, mchanganyaji wa dawa, alikuwa na nguvu nyingi na subira haba. Asubuhi moja alipewa dawa kali ya moyo, unga mweupe wa kujaa ncha ya kisu tu, aichanganye na bakuli zima la sukari ya maziwa, isiyo dawa bali ya kuongeza ujazo, kisha aigawe katika vikaratasi, kimoja kwa kila mgonjwa. Alivimimina vyote kinuni kwa mkupuo, akatwanga. Kikaratasi kimojawapo kilikuwa cha mama yake mzazi, aliyekuwa akingoja barazani.

Bibi Nakijwa, msimamizi wake, akavizuia vikaratasi.

“Umechanganya?”

“Nimetwanga, Bibi, hata kinu kimeomba msamaha!”

“Sikuulizi jasho. Nyeupe ndani ya nyeupe, wajuaje kwamba imeenea?”

Swali hilo Zefania hakuwahi kujiuliza.

“Basi tuuulize unga wenyewe.” Akampa sukari nyingine, na badala ya dawa, rangi nyekundu ya unga, ncha ya kisu vilevile. “Fanya kama ulivyofanya.”

Alipotwanga na kugawa, kikaratasi kimoja kilikuwa cheupe kama chumvi, kingine kina mabonge mekundu.

“Mchagulie mama yako.”

Zefania akavisukuma kando vyote viwili. “Cheupe hakitamfaa. Chekundu kitamuua.”

Ndipo Bibi Nakijwa akaosha kinu. Akaweka rangi kidogo na sukari ya kadiri ileile, akasaga taratibu hadi zikawa rangi moja. Akaongeza sukari sawa na kilichomo kinuni, akasaga; akaongeza tena vivyo hivyo, mpaka bakuli likaisha. Safari hii vikaratasi vyote vilifanana, vya waridi hafifu.

Zefania akavichukua vile vya dawa, akatoka hadi shimoni, mbele ya wagonjwa waliokaa barazani.

“Zefa, wamwaga dawa yangu?” mama yake akauliza.

“Naimwaga, mama. Nilitupa kichache ndani ya kingi, kisijulikane kilipojificha. Ningekudhuru. Sasa nitaanza na sukari kidogo, kadiri ya dawa yenyewe.”

Mzee mmoja akaangua kicheko. “Leo kinu kimemtwanga mtwangaji!”

Zefania akainama shimoni. Alimwaga mpaka kikaratasi cha mwisho, akanawa, akarudi kinuni. Mama yake alipomsikia akisaga polepole, alimwambia jirani yake barazani, “Tungoje. Kichache huanza na kichache mwenziwe.”