Mtamba Mmoja, Mikono Mitatu

Sogezeni vigoda, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikifika mwisho nitawatwika ninyi mzigo.

Katika chama cha wafugaji cha Lusekelo, kule milimani, walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Anyitike alijaliwa ulimi usioogopa mtu. Gwakisa alijaliwa miguu isiyochoka na moyo wa kukaa na watu. Subilaga hakuwa na maneno wala mbio. Yeye akishika jambo, ameshika. Mwenyekiti wao alikuwa Ambakisye, mtu mpole ambaye siku hizo chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Kisa chenyewe ni hiki. Kila asubuhi wanachama walimimina maziwa kwenye tangi moja, na mara kwa mara tangi zima lilichacha kwa ajili ya ndoo moja mbovu. Lakini kunusa maziwa ya jirani mbele yake ni kumwita mchafu, na watu wa Lusekelo wana adabu zao. Basi wakaharibikiwa kwa adabu. Mwenye gari la maziwa akamwambia Ambakisye, "Yakichacha tena msimu huu, mwenyekiti, gari langu halipandi mlima huu." Bila gari, chama kimekufa.

Anyitike akasimama mkutanoni. "Tunaoneana haya mpaka tutazikana! Kesho kila ndoo inuswe mlangoni. Anzeni na yangu." Asubuhi ikanuswa ya kwake na, jamani, ilikuwa imechacha! Akaimwaga mwenyewe mbele ya wote, machozi yakimlenga. "Haya, nani anafuata?" Nani angekataa baada ya hapo?

Waliokataliwa ndoo wakanuna. Kati ya kaya ishirini, kumi na mbili zikatangaza kujitoa. Gwakisa hakuwahubiria. Alikwenda kwa kila mmoja alfajiri, akakamua naye, akachemsha maji, akasugua ndoo na kuzianika, akanywa na chai isiyo na sukari. "Si wewe mchafu, baba," alisema. "Ni hii ndoo ya plastiki, ina mikwaruzo." Wakarudi mmoja mmoja, hadi wa mwisho.

Maziwa yakawa mazuri, mwenye gari akawasifu. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mvua zilipokolea watu wakaanza: "Tumeshajua kuosha, ya nini kunusana tena?" Kumbe ilikuwa nguvu ya soda! Subilaga peke yake akaendelea kukaa mlangoni, khanga kichwani, foleni ikimnung'unikia. Siku moja akanusa ndoo ya Ambakisye, akaisukuma pembeni.

"Subilaga, hata mimi?"

"Shikamoo, mwenyekiti. Lakini hii hapana."

Ambakisye aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, akabeba ndoo yake akarudi nayo nyumbani. Manung'uniko yakaishia hapo.

Msimu ukaisha bila tangi kuchacha tena hata mara moja. Mwenye gari akasema, "Nitapanda hapa mwaka mzima." Ambakisye aliketi kwenye nyasi, mtu mzima na heshima zake, akacheka hadi akalia. Mchana ule alikula ugali, akaongeza.

Mcheza kwao hutunzwa. Wanachama wakatoa mtamba mwenye mimba, apewe aliyekiokoa chama. Mtamba mmoja tu, na ng'ombe hai hakatwi vipande. Kamba akashikishwa Ambakisye, aamue.

"Bila mimi msingeanza," alisema Anyitike.

"Mngeanza, mkabaki kaya nane," alisema Gwakisa.

"Mngebaki wote," alisema Subilaga taratibu, "na mngerudi mlikotoka."

Ambakisye aliona kila mmoja amesema kweli. Akaona na jambo jingine, likamkaa rohoni: kesho ndoo zitanuswa tena, na wawili watakaokosa watakuja mlangoni na moyo gani?

Wanachama wote wanamtazama, na mtamba anavuta kamba. Je, wewe unayenisikiliza, ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?