Bi Lubaba na Farasi wa Wakfu

Wamehadithia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mpakani, nchi ya Shamu, alikuwako mjane mcha Mungu akiitwa Bi Lubaba binti Hazim. Kazi yake kufua sufi ya kondoo na kuisokota. Mtoto hakujaaliwa, mume alikwisha tangulia mbele ya haki, na nyumba yake ilikuwa kimya hata jirani yake, Bi Zulfa, akilalamika kuwa ukutani hapasikiki habari yoyote ya maana.

Siku moja Bi Lubaba alipita penye mashimo ya watengeneza ngozi. Akawakuta wanaume wawili wamechutama, visu mapajani, na mbele yao farasi amelala ubavu, upele umemla mwili mzima, mbavu zahesabika.

"Mwangoja nini, wanangu?"

"Twangoja afe, mama. Katupwa hapa tangu juzi. Twataka ngozi."

"Ngozi gani hiyo, na upele wote huo?"

Wakatazamana. Kweli, hilo hawakulifikiria. Wakakunja visu vyao wakaenda zao.

Bi Lubaba akaketi chini. Akamchotea maji kwa bakuli lake la kutawadhia, akamnywesha kidogo kidogo, akamsomea alichojaaliwa kukihifadhi. Farasi hainuki. Adhuhuri ikapita, bibi akasali palepale. Alasiri ikaingia, akasali palepale. Jua lilipoanza kupoa, yule mnyama akakunja miguu, akajivuta, akasimama kwa kuyumba kama mlevi, naye Bi Lubaba akamwegemeza bega, wakaenda hivyo hivyo mpaka mjini.

Enhe! Mji ukapata la kusema. Bi Zulfa alikwisha kuzunguka nyumba saba kabla farasi hajafika mlangoni. "Mmesikia? Lubaba kaolewa! Bwana arusi ana miguu minne na upele!" Na Bi Lubaba aliposikia, akacheka akasema, "Mwambieni Zulfa, huyu angalau hakoromi."

Akamwita Maimuni, yaani mwenye baraka. Akamkanda kwa mafuta na kiberiti cha unga, dawa ya upele, akamlisha uji wa shayiri, yeye akala makoko. Miezi ikapita. Upele ukabanduka, manyoya mapya yakaota meusi yanang'aa, na Maimuni akawa anabeba sufi mpaka mtoni na kurudi na maji ya wagonjwa wa mtaa. Na ile nyumba ya kimya ikajaa maneno, kwani Bi Lubaba akimsimulia farasi kila kitu, naye akisikiliza kwa masikio yote mawili. Bi Zulfa, sikio ukutani, alikasirika sana. "Ampa farasi habari, na mie jirani yake nipo!"

Basi siku moja akaja mwenyewe, akijidai ameleta tini, akamkuta mwenzake anamwosha farasi. Bi Zulfa alikuwa binti wa mwalimu, kusoma anajua, mwenzake hajui. Akainama nyuma ya mnyama, mara akashika kinywa.

"Shoga, hapa pajani pana chapa. Imeandikwa: Wakfu kwa njia ya Allah."

Bi Lubaba akaacha kuosha. Kila mtu wa mji ule aliijua maana yake. Farasi wa wakfu hamilikiwi na mtu. Hufunzwa tangu udogo wake kwamba asikiapo takbira, ile sauti ya Allahu akbar, arukie mbele kumkabili adui. Na akipotea akapatikana, desturi ni apelekwe maidani kwa msimamizi, apigiwe takbira. Akirukia adui, hurudishwa kambini kwenye jeshi. Asipomrukia, kazi yake imekwisha, huachiwa anayemlisha.

Na Maimuni, kila akisikia adhana, huruka! Amekwisha kukata kamba tatu.

"Paka hina na masizi," akanong'ona Bi Zulfa. "Nani ataufunua mkia wa farasi wa mjane apate kusoma?"

"Aonaye hahitaji kufunua mkia, Zulfa."

"Basi mpeleke, ila mzibe masikio. Sufi si unayo tele?"

Bi Lubaba akaendelea kumwosha farasi. Asubuhi yake alisali, akatoka uani, na nisifiche, kibonge cha sufi alikuwa nacho mkononi. Akakitia katika sikio la kushoto. Maimuni akatikisa kichwa, akamgeukia, akamtazama. Bibi akasema, "Audhubillahi! Nilikuokoa kwa ajili Yake, nami sasa nakuiba Kwake?" Akaichomoa ile sufi, akaitupa, akashika hatamu huku machozi yanamtoka.

Maidani alikuwapo Sheikh Mundhir, msimamizi wa farasi wa wakfu, mtu wa ndevu nyeupe na maneno machache. Hata salamu hazijesha, akatia kidole katika sikio la kulia la farasi, kisha la kushoto. Akatoa uzi mmoja wa sufi.

"Mama, mwezi uliopita nilitoa nta katika sikio la farasi mwingine. Juzi nimetoa pamba. Wenye farasi hao wote nimewanyang'anya. Hii nayo ni nini?"

"Ni dhambi yangu, Sheikh. Nilimziba, nikamcha Mola, nikamzibua. Ikatoka sufi, ukabaki uzi. Na afadhali nikwambie mapema: farasi huyu akisikia takbira, huruka."

"Hilo sijakuuliza."

"Ndiyo maana nalisema, nisije nikajuta kwamba hukuniuliza."

Sheikh akaamuru ngao na mikuki ipangwe upande mmoja wa maidani mfano wa adui. Bi Lubaba akawekwa nyuma kabisa, ukutani, pamoja na Bi Zulfa ambaye hakualikwa. Askari hamsini wakapaza sauti, "Allahu akbar!"

Maimuni akaruka! Vumbi likatimka. Bi Lubaba akajifunika uso kwa mtandio, akasema, "Alhamdulillahi kwa kila hali." Mara akasikia kicheko, na Bi Zulfa anapiga ukelele. Kufunua uso, Maimuni huyo! Amegeuka njiani, amezipa ngao mgongo, amempiga Bi Zulfa kumbo mpaka chini, na kichwa chake anakizamisha katika kiganja cha Bi Lubaba.

Wakarudia mara ya pili. Ikawa vilevile. Mara ya tatu Sheikh alicheka hata kilemba kikalegea.

"Mama, wamfanya nini huyu wakati wa adhana?"

"Alikuwa akishtuka, Sheikh, nami nikimwonea huruma. Nikimaliza kumwitikia mwadhini, humpa konzi la shayiri mkononi apate kutulia."

"Laa ilaaha illallah! Sisi tulimfunza kwamba takbira ni adui, wewe umemfunza kwamba takbira ni riziki. Nikimpeleka vitani, atamrudisha askari wangu kwako." Akawageukia watu. "Farasi ni wa Mungu na atabaki wa Mungu, hauzwi wala harithiwi. Lakini mlinzi wake ni bibi huyu, na shayiri yake itoke ghala ya wakfu hata siku farasi atakapokufa."

Watu wakapiga takbira kwa furaha, Maimuni akaruka tena, na Bi Zulfa, aliyekuwa ndio kwanza anajipangusa vumbi, akakimbia.

Enyi wapenzi, huyo bibi hakuwa malaika. Sufi aliishika, na sikioni aliitia. Ila aliitoa, na alipoulizwa hakusema ni upepo uliouleta ule uzi. Si kwamba Mola atutaka tusiwe na kibonge mkononi hata siku moja. Atutaka tukitupe kabla hatujafika maidani. Na kama kumebaki uzi, basi tuuseme.