Mayai Yalipewa Kengele

Kulikuwa na mfugaji mmoja wa kuku, mtu wa shughuli nyingi. Akamwita fundi amwekee kwenye simu msaidizi wa akili bandia, yule unayemtuma kazi akazifanya mwenyewe. Fundi akamuuliza swali zuri tu.

"Bosi, kuna njia mbili. Kazi nyingine zinafuata saa: ikifika, anafanya. Nyingine zinafuata tukio: jambo likitokea, anakupigia kengele papo hapo. Ipi iende wapi?"

"Mashine ya kutotolesha mayai, weka kengele," akajibu bila kufikiri. "Joto likishuka hata kidogo nijue, hata nikiwa msibani."

"Na mama yako? Ulisema anasubiri umwamkie kila siku."

"Huyo mwekee saa. Saa moja asubuhi, 'Shikamoo mama, umeamkaje?' Akijibu, aambiwe, 'Tumshukuru Mungu, mama. Siku njema.'"

Mnacheka? Haya, chekeni.

Siku ya nne joto la mashine likashuka. Kengele ikalia, mtu wetu akatoka kikaoni mbio, mayai yakapona yote. Hongera zake.

Baada ya wiki tatu akaenda kumwona mama. Akamkuta anapapasa ukuta, jicho la kulia halioni tena. Akampeleka hospitali, daktari akasema wangewahi wiki ya kwanza, lingepona.

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba. Nilikuandikia jicho linauma. Kesho yake nikaandika naona giza. Ukanijibu tumshukuru Mungu. Nikasema basi, mwanangu amesikia, na mimi nishukuru."

Ndugu zangu, hapo mimi huwa naumia. Yule msaidizi hakukosea hata neno moja, alifanya alichoagizwa. Aliyechagua ni nani? Mayai yalipewa kengele, mama akapewa saa.

Na sisi tusio na wasaidizi wa namna hiyo, tuna nafuu gani? Duka likitikisika kidogo tunaruka. Timu yetu ikifungwa hatulali. Lakini wapo watu tunaowakumbuka Krismasi hadi Krismasi, tukawauliza "hamjambo?" huku tumeshawapa mgongo.

Mlipoingia humu mlizima simu, nawashukuru. Mkitoka mtaziwasha. Msije mlangoni kuniambia mahubiri yamewagusa. Someni tena alichowaandikia mama asubuhi, halafu mjibuni ninyi wenyewe.