Kwa Nini Wanaume wa Kilugu Hupika Siku ya Noeli

Kulikuwa na wakati, wajukuu zangu, ambapo mwanaume wa kijiji hiki cha Kilugu hakujua jikoni kwake kuna mafiga mangapi. Alijua idadi ya ng'ombe wake, alijua mipaka ya migomba yake, lakini jiko lilikuwa nchi ya kigeni. Chakula kilitoka huko kama mvua inavyotoka mawinguni, na hakuna aliyeuliza kilivyopatikana. Leo mnawasikia baba zenu wanabishana kule nyuma kama wali uongezwe maji au uachwe, nanyi mnacheka na kuwapiga picha. Chekeni. Lakini kabla hawajaleta sahani, nisikilizeni, maana mimi ndiye niliyebaki ninayejua jambo hili lilikotoka.

Noeli ya zamani ilianza mapema. Mara mvua za Desemba ziliposhika, wanawake walichota udongo mweupe kule korongoni wakapaka kuta za nyumba upya. Watoto walitumwa kukata matawi ya misonobari, na malango yote ya kijiji, kuanzia kwa mchungaji hadi kwa mjane wa mwisho, yalipambwa kwa matao ya majani ya migomba na maua mekundu. Mchele uliletwa kutoka Kyela vichwani mwa watu. Asubuhi yenyewe, matarumbeta ya kanisa yalizunguka mlima yakipiga nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana, na watu waliyafuata wakiwa na nguo mpya, miguu imejaa tope hadi magotini. Nyimbo zile zilikuwa nzuri. Hata sasa nikizisikia huacha ninachofanya, ingawa si kwa furaha.

Waliofuata matarumbeta walikuwa wanaume, watoto na wazee. Wanawake wenye nyumba hawakufuata. Wageni wangekula nini?

Nyumba kubwa kuliko zote ilikuwa ya babu yangu, Mzee Ngwisa, aliyekuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu mrefu, msafi, anayejua kusoma kwa sauti inayofika nje. Baada ya ibada ya Noeli, mchungaji na wakubwa wote wa kanisa walikula kwake. Wakishashiba, babu alifungua Biblia akasoma habari ya Yusufu na Mariamu, namna walivyozunguka Bethlehemu wakitafuta mahali pa kulala wakakosa, hadi mtoto akalazwa mahali pa kulishia wanyama. Aliisoma vizuri mno. Watu wazima walikuwa wakitoa machozi.

Mwanawe Andulile alioa msichana kutoka ng'ambo ya mto Mbaka, jina lake Tumpale. Huyo ndiye mama yangu. Nyinyi wa siku hizi mnakaa sebule moja na wakwe zenu mkitazama televisheni, kwa hiyo hili lazima niwaeleze. Kwetu wakati ule, mke wa mwana hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe. Akimsikia anakuja njiani, aliingia kichakani akajifunika. Hakutaja jina lake. Hakuingia chumba alichomo. Ilikuwa heshima, na kila mtu aliishika bila kuiuliza. Kwa hiyo mama aliishi katika boma lile misimu kadhaa, akatwanga, akateka maji, akapika kila alichokula babu, na babu hakuwahi kuuona uso wake. Alimjua kwa mlio wa kinu tu.

Wala mama hakuwahi kuyashika maneno ya yale masomo ya Noeli, kwa kelele za jikoni. Bibi, mke wa Mzee Ngwisa, aliniambia kwamba mwaka mmoja, akikosha sufuria, mama alimuuliza, "Mama, huko ndani wanasoma nini hata watu wanalia?"

Bibi akamjibu, "Habari za mtoto Yesu."

"Zinasemaje?"

"Koroga uji wa watoto, unaungua. Nitakusimulia."

Hakumsimulia. Kazi zilikuwa nyingi, na kesho yake zikawa nyingi vilevile.

Noeli iliyofuata mama alikuwa na mimba yangu, imekaribia. Uchungu ulimshika asubuhi, matarumbeta yakiwa bado upande wa pili wa mlima. Hakusema. Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, moshi umejaa jikoni, na wanawake wote walikuwa wanatokwa na machozi, kwa hiyo hakuna aliyeyashangaa ya kwake. Alimenya ndizi. Akapepeta mchele. Ndipo sahani ilipomponyoka, na bibi akageuka akamwona ameshika nguzo kwa mikono miwili.

Miongoni mwa wanawake alikuwamo mkunga mzee, Kalinda. Alimlaza mama kwenye mkeka, akampapasa tumbo, akasema, "Mtoto amekaa vibaya. Mimi peke yangu simuwezi. Abebwe apelekwe zahanati, na abebwe sasa hivi, mto haujajaa."

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. Machela ilikuwapo, imening'inizwa kwenye banda la ng'ombe. Waliokosekana ni wanaume wa kuibeba, nao walikuwa ndani wameketi, wanasubiri chakula.

Bibi alifuta mikono, akaenda hadi mlango wa sebule akapiga magoti. Mchungaji alikuwa barazani bado akiagana na wapiga matarumbeta, hakuyasikia haya. Lakini baba yangu Andulile alikuwa ndani. Alikaa karibu na baba yake, mkono wa kushoto.

"Baba Andulile," bibi akamwambia babu, "mke wa mtoto ameshikwa na uchungu na mambo si mazuri. Kalinda anaomba vijana wa kubeba machela."

Babu hakukasirika. Bibi alisisitiza hilo kila aliponisimulia, kwamba hakukasirika hata kidogo. Alijibu kwa upole kama mtu anayeulizwa saa.

"Mchungaji hajanawa hata mikono. Wageni wakishakula, vijana watakwenda."

"Mvua imekaza huko juu. Mto utajaa."

"Mama Andulile. Nimesema wakishakula."

Bibi akamtazama mwanawe. Andulile akatazama meza. Kijana hakusimama mbele ya baba yake bila kuambiwa simama, ndivyo walivyofundishwa, naye alikuwa amefundishika vizuri sana. Bibi akainuka, akarudi jikoni, akapakua wali. Aliniambia mikono yake ilipakua yenyewe, kama ya mtu mwingine.

Wakala. Walikula vizuri, kwa sababu mama yangu alikuwa mpishi mzuri. Wakanawa, wakanywa chai, na babu akafungua Biblia. Siku hiyo alisoma akaongeza na maneno yake mwenyewe. Aliwalaumu watu wa Bethlehemu kwa ugumu wa mioyo. Aliuliza kwa sauti ile yake kubwa, "Hivi kweli, ndugu zangu, katika mji mzima hakupatikana mtu mmoja wa kumhurumia mwanamke mwenye uchungu?" Jikoni walimsikia. Mama naye alimsikia. Hivyo ndivyo alivyoipata ile habari hatimaye.

Vijana walipotoka na machela, mvua ilikuwa imeshafanya kazi yake. Walimbeba hadi mtoni wakakuta daraja la magogo limekwenda na maji, na Mbaka inanguruma kahawia kutoka ukingo hadi ukingo. Walisimama pale wakashauriana, mama akilowana. Wakarudi naye.

Aingizwe wapi? Ndani alikuwamo baba mkwe, ni mwiko. Jikoni paa lilivuja na sakafu ilikuwa maji matupu. Mahali pakavu palikuwa banda la ng'ombe. Wakamlaza huko kwenye majani makavu, ng'ombe wakasogezwa. Walikuwa wametoka kusomewa, kila mmoja aliona alichokuwa anakifanya, na bado walikifanya.

Kalinda alipambana hadi akanitoa. Mimi nikalia. Mama alitokwa na damu isiyokoma. Alimshika bibi mkono akauliza ni mtoto gani, akaambiwa ni msichana. Akasema, "Masikini." Hilo ndilo neno pekee la mama yangu nililo nalo.

Kelele za msiba zilipopanda, watu wa sebuleni wakasimama. Babu akatoka. Wanawake walimwona anakuja kwenye banda, wakafikiri atasimama mbali kama mila inavyotaka. Hakusimama. Aliinama akaingia, kofia mkononi. Akatazama pale chini kwenye majani muda mrefu, kisha akamuuliza bibi, "Ndiye huyu?"

"Ndiye," bibi akajibu. "Ndiye anayekulisha."

Babu akapiga magoti, akamnyanyua mama mwenyewe mikononi. Watu wakashika vinywa, kwa maana baba mkwe kumgusa mke wa mwanawe lilikuwa jambo ambalo halijapata kuonekana. Akambeba kwenye mvua, akapita naye katikati ya mchungaji na wakubwa wa kanisa, akamwingiza sebuleni na kumlaza mahali palipokuwa na meza. Mkeka ulikuwa bado na punje za wali. Mwanamke yule alikaribishwa ndani ya nyumba ile akiwa maiti.

Baba yangu alimaliza matanga akaondoka. Wengine walisema yuko mashamba ya chai, wengine wakasema amevuka mpaka. Hakurudi, na sijui kaburi lake lilipo. Babu alitaka niitwe Noela. Bibi, ambaye hakuwahi kumpinga mume wake maishani, alisema, "Mtoto ataitwa Tumpale," na likawa hilo.

Mwaka ukazunguka. Noeli ikaja, nyumba ikapakwa udongo mweupe, wageni wakafika. Wanawake walipoanza kuwasha moto, babu aliingia jikoni akasema, "Tokeni. Nendeni mkakae ndani." Walidhani ameugua. Akawachukua mmoja mmoja hadi sebuleni, wakwe wa ukoo wote, wakaketi wamejifunika nyuso kwa khanga. Kisha akarudi nyuma, akavua koti, akapiga magoti mbele ya moto asiojua kuupuliza.

Mmoja wa wageni alicheka. "Mzee Ngwisa, leo umekuwa mwanamke?"

Babu alimpa kisu. "Menya ndizi," akasema. "Usipomenya, ondoka kwangu, na mwakani usije."

Wali uliungua chini na juu ukabaki mbichi. Kuku alikuwa na manyoya. Babu alibeba sahani mwenyewe, macho yamevimba kwa moshi, akawanawisha wanawake mikono kwa birika, akianza na mdogo kuliko wote. Walipokuwa wakila, akasoma. Safari hiyo hakuongeza lolote lake. Alipofika pale Mariamu alipokosa nafasi, akafunga kitabu, akasema, "Mimi ndiye mwenye nyumba ile. Nilikuwa nasoma habari zangu na sikujua." Akatoka nje.

Wanaume wengine walifuata, wachache kwa kuguswa, wengi kwa kuogopa kusemwa. Mwaka wa pili nyumba nyingine zikaiga, kisha kanisa zima, na watoto waliozaliwa baadaye wakakuta ndivyo ilivyo.

Mimi nilikulia humo. Kila Noeli babu aliniletea sahani yangu kwa mikono miwili, nyama nzuri kuliko zote imewekwa juu. Nilipokuwa mdogo nilikula. Bibi aliponisimulia yote haya, niliacha. Alikuja mwaka uliofuata na sahani, akapiga magoti, mzee yule, magoti yakilia. Nikamwambia, "Babu, sina njaa." Akaiweka chini. Mwaka mwingine akaja tena. Alikuja hadi miguu ilipokataa, na hakuwahi kuniuliza kwa nini. Alikufa msimu wa kuvuna viazi, akiwa ananingoja nile. Mchungaji wa siku hizo alinishauri nisamehe, akanifafanulia vizuri kabisa kwamba Bwana alizaliwa zizini ili tusameheane. Nilimsikiliza. Nikamwambia Bwana alizaliwa zizini na mama yake akaondoka pale mzima.

Na tangu Noeli ile ya wali ulioungua, wanaume wa Kilugu hupika siku ya kuzaliwa kwa Bwana, na wanawake huketi. Ndiyo asili yake. Wageni wa mjini husema ni mila nzuri, yenye upendo. Baba zenu wanaifurahia, wananunua aproni, wanashindana nani kaunga nyama vizuri zaidi. Kesho asubuhi watakaa barazani wakisubiri chai, na mama zenu watapuliza moto mpaka Desemba nyingine.

Haya, nawasikia wanakuja. Sogezeni viti, wapisheni. Pokeeni kwa mikono miwili na mseme asante, hata kama kimeungua. Sahani yangu mpeni yule binti mwenye mimba, aliyekaa karibu na mlango. Na mumewe mwambieni ameze hilo tonge analoonja, akawashe gari, kwa maana tangu nianze kusimulia nimemwona mkewe akishika kiuno mara nyingi, na hakuna hata mmoja wenu aliyemtazama.